Jinsi ya kuihukumu albamu ya mkusanyiko ya bendi ya progu: angalia mkasi ulipopita

Ukishika albamu ya mkusanyiko, hizi za bora za bora sijui zilizotamba, mazoea ya wengi ni kukimbilia majina ya nyimbo waone kama ile wanayoijua ipo, ikiwepo basi albamu nzuri, isipokuwepo ni matusi. Kwa bendi ya progu hiyo njia haifai kabisa. Anza na dakika. Majina utayasoma baadaye.

Kwa ambao hawajakutana na huu mziki, progu ni roki ya progresivu, ilitokea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 60 ikashika kasi miaka ya 70 mwanzoni, vijana wa magitaa wakachukua vinanda, filimbi, mambo ya okestra na jazi wakatia vyote kwenye chungu kimoja, mpaka wimbo mmoja ukawa unakula upande mzima wa santuri. Bendi zake ni Yes, Genesis, King Crimson, Pink Floyd, Jethro Tull, kule Kanada wapo Rush, Marekani wapo Kansas. Watu wengine wakisikia wimbo wa dakika 20 wanashika kichwa. Sisi wa Tanga hatushtuki manake tumelelewa na taarabu, vyombo vinaongea peke yao weee kabla mwimbaji hajafungua mdomo na ukumbi mzima umetulia unasubiri, hela ya kutunza imekunjwa mkononi. Na kwenye dansi ni yale yale, santuri ndogo nyingi za miaka ya 70 za huku kwetu wimbo ulikuwa unagawanywa mara mbili, upande wa kwanza unapewa kisa, unageuza upande wa pili ndo chemko, pale vyombo vinapochangamka watu wacheze.

Sasa vuta picha mtu anakutengenezea mkusanyiko wa dansi la Tanga, bendi za Atomic na Jamhuri, alafu kwa kila wimbo kachukua upande wa kwanza tu. Majina yote yapo. Hiti zote zipo. Chemko hata moja hakuna. Utamwambia kafanya kazi nzuri? Utamfukuza barazani na kahawa yake hajamaliza.

Mimi hii kesi niliijua kupitia kaseti ya mjomba wangu. Mjomba alikuwa baharia, safari moja akarudi na kaseti ya dakika 90, ile ya 45 kila upande, mwenzake wa melini kamkusanyia nyimbo za Genesis. Nyumbani Ngamiani barabara ya nane ilipigwa ile kaseti mpaka maandishi ya kwenye kibandiko yakafutika, tulikuwa tunairudisha nyuma kwa kalamu kuokoa betri. Mwisho wa upande A kulikuwa na Supper's Ready, wimbo wa 1972 kutoka albamu ya Foxtrot, dakika 23 hivi, una vipande saba ndani yake. Kaseti ilikuwa inafika kipande cha sita, pale mdundo unapokwenda kwa hesabu ya tisa na kinanda cha Tony Banks kinapanda, kinapanda, unasikia kabisa kuna kitu kinakuja, alafu tak. Kitufe kimeruka, utepe umeisha. Tunageuza upande B maisha yanaendelea. Miaka yote hiyo mimi najua wimbo unaishia pale, na niliona ni ujanja mkubwa, wamemwacha msikilizaji ananing'inia. Siku nimeusikia mzima kwenye simu, bando la usiku, kumbe baada ya pale kipo kipande cha saba, na hicho kipande kinairudisha sauti ile ile ya mwanzo wa wimbo ila sasa imejaa, imekuwa kubwa, yaani dakika 20 zote zile ilikuwa safari ya kurudi pale. Nilikaa kitandani nimeduwaa. Miaka ishirini nakula wali sijui kama kuna mchuzi.

Ndo maana nasema dakika kwanza. Kazi yenyewe ni rahisi: chukua listi ya mkusanyiko, pembeni ya kila wimbo andika umetoka albamu gani, mwaka gani, na kule kwenye albamu yake ulikuwa na dakika ngapi. Tofauti ya sekunde chache achana nayo, hiyo mara nyingi ni ukimya wa mwisho tu au wamefifisha mapema kidogo. Ikifika dakika nzima kwenda juu, mkasi umepita hapo. Mfano Roundabout ya Yes, kwenye albamu ya Fragile ya 1971 ina dakika 8 na nusu, ila ile iliyokatwa kuwa singo ya redio ni dakika 3 na nusu hivi. Ukiona kwenye mkusanyiko wowote Roundabout ya dakika tatu, jua umeuziwa tangazo la wimbo, wimbo wenyewe haumo.

Ila msije mkafikiri kila mkasi ni dhambi. Nenda buchani uangalie. Mchinja nyama anayejua kazi anatafuta kiungo, kisu kinapita kama hakuna kitu, asiyejua anapiga shoka katikati ya mfupa na wewe unakwenda kutafuna vipande vya mfupa kwenye mchuzi. Wimbo mrefu wa progu nao una viungo. Jethro Tull mwaka 1972 walitoa Thick as a Brick, albamu nzima ni wimbo mmoja, dakika 40 na ushee, uligawanywa tu kwa sababu santuri ina pande mbili. Kwenye mkusanyiko wao wa 1976 wakaweka kipande cha mwanzo cha dakika 3 hivi. Ukisema ni wizi ntakuelewa, ila sikiliza vizuri, zile dakika tatu za mwanzo ni gitaa la kawaida na filimbi ya Ian Anderson na zinajitosheleza, zinaanza zinaisha kama wimbo mdogo uliokamilika. Hapo wamekata kwenye kiungo, mimi nawapa alama.

Mkasi wa pili uko sawa kwa sauti ila umeharibu kisa. Rush wana 2112, wimbo wa 1976, dakika 20, nao una vipande saba. Kwenye mkusanyiko wao Chronicles wa 1990 wamechukua viwili vya mwanzo tu. Mziki wake unaunguruma vizuri, unaishia mahali pake, hakuna kasoro. Lakini hicho ni kisa cha dunia iliyoshikwa na makuhani wanaoamua watu wasome nini wasikilize nini, na kipande kinachofuata ndo kijana anaokota gitaa ambalo hakuna aliyewahi kuliona, anajifunza mwenyewe kulipiga. Kwenye Chronicles makuhani wanajitapa, basi, wimbo umekwisha. Gitaa halijaokotwa! Ni sawa na mtu akuanzie hadithi ya paukwa pakawa, akishamtaja zimwi anakwambia lala.

Na wa tatu ndo mgumu kuuhukumu, mkasi wa ndani kwa ndani. Pink Floyd kwenye mkusanyiko wao wa 2001 unaoitwa Echoes wana ule wimbo wenyewe wa Echoes wa 1971, kwenye albamu yake ya Meddle ni dakika 23 na nusu, hapa ni 16 na nusu. Dakika 7 zimeyeyuka na mshono huuoni, fundi kashona vizuri mno. Mtu asiyejua wimbo hatagundua. Mimi bado sijaamua kama hiyo ni sifa au ni lawama, manake fundi aliyeshona kanzu vizuri kwa kitambaa alichokuibia bado ni mwizi, ila kanzu imekaa!

Haya, dakika umemaliza, sasa soma miaka. Bendi za progu zilizoishi muda mrefu mara nyingi ni bendi mbili au tatu zilizovaa jina moja. Genesis ya Peter Gabriel, aliyetoka 1975, na Genesis ya miaka ya 80 ambayo Phil Collins anaimba, ni kama kulinganisha kidumbaki na bongofleva. Chukua karatasi chora mstari katikati, huku za zama za kwanza huku za pili, alafu hesabu. Turn It On Again, mkusanyiko wao wa 1999, wimbo wa zamani wa enzi za Gabriel uko mmoja tu, I Know What I Like, ukiongeza na The Carpet Crawlers ambao waliurudia upya studio kwa ajili ya hiyo albamu. Zilizobaki zote ni za baada ya Gabriel, na nyingi ndo zile zilizopigwa redioni.

Hapo watu wa progu wanatoa povu. Mimi nasema taratibu, tuangalie jalada limeahidi nini. Limesema ni hiti, na hiti za Genesis ni hizo, wimbo wa dakika 23 haukuwahi kuwa hiti popote. Kosa la albamu linaanza pale inapojiita historia ya bendi alafu historia yenyewe imerukwa nusu. Hukumu ahadi. Mkusanyiko mwingine wa hao hao Genesis, Platinum Collection wa 2004, ni sidi tatu na unakwenda kinyumenyume, unaanza na za karibuni unarudi zamani, Supper's Ready iko mzima sidi ya tatu. Mwanzoni niliona ni uchizi, baadaye nikaelewa, mtu anaingilia mlango anaoujua wa nyimbo za redio, anavutwa taratibu mpaka jikoni. Ni akili.

Hiyo inatuleta kwenye mpangilio. Kuna wanaopanga kwa miaka, huwezi kukosea sana ukipanga kwa miaka, ila pia huwezi kushangaza. Ile Echoes ya Pink Floyd haifuati miaka kabisa, nyimbo 26, wa kwanza na wa mwisho zote ni za 1967 enzi za Syd Barrett, kiongozi wao wa mwanzo, na katikati zimeunganishwa, wimbo mmoja unaisha mwingine ulishaanza chini yake. Wa mwisho unaitwa Bike, yaani baiskeli, na mimi kama mtu wa mji huu ambao kila nyumba ina baiskeli mbili na moja haina breki, sina la kusema zaidi, wamefunga vizuri.

Ila angalizo kubwa kwa wanaosikiliza kwa simu, zima ile kitu ya kuchanganya nyimbo ovyo. Angalia pia kwenye mipangilio kama simu inaweka ukimya kati ya wimbo na wimbo au inazilazimisha zipandiane, manake zilizounganishwa na fundi zikipewa kimya cha sekunde mbili katikati unasikia kama umeruka tuta. Utailaumu albamu kumbe ni simu yako.

Kingine, jiulize nani kapanga na alikuwa na shida gani siku hiyo. Mikusanyiko mingi haitoki kwa sababu ya sanaa, inatoka sababu mkataba unaisha, au bendi haina kitu kipya na Krismasi ya wazungu inakaribia. Mfano ninaoupenda ni A Collection of Great Dance Songs ya Pink Floyd, 1981. Jina lenyewe ni kejeli, nyimbo kubwa za kucheza, ndani zipo sita na hakuna utakayoipeleka kwenye vigoma ikaeleweka, Money inakwenda kwa hesabu ya saba, jaribu kuikatia kiuno uone kama hukuteguka. Na hiyo Money si ile ya 1973 unayoijua. Lebo iliyokuwa na haki za ile ya zamani kule Marekani ilikataa kuitoa kwa lebo yao mpya, basi David Gilmour, mpiga gitaa wao, akaingia studio akairekodi upya, vyombo karibu vyote kapiga mwenyewe, saksafoni tu ndo akamwita Dick Parry yule yule wa mwanzo. Kwa hiyo ukikuta wimbo unaoujua lakini kuna kitu kinakukera hukijui, soma maandishi madogo, unaweza kuwa umerekodiwa upya. Hiyo si lazima iwe mbaya ila ni haki yako kuambiwa.

Kinyume chake ni Robert Fripp wa King Crimson. Bendi ilivunjika 1974, akakaa mwenyewe akachagua nyimbo za mkusanyiko, A Young Person's Guide to King Crimson, na ndani akatia I Talk to the Wind iliyorekodiwa kabla hata King Crimson haijaanza, anaimba dada anaitwa Judy Dyble, watu walikuwa hawajawahi kuisikia. Hiyo ndo nyongeza inayostahili, inakuonyesha mti ulipokuwa mche. Yes nao kwenye Yesterdays ya 1975 waliweka America nzima, dakika 10, kwenye mkusanyiko ambao zilizobaki karibu zote ni za albamu zao mbili za mwanzo ambazo wengi walizipita bila kuzisikia. Sasa linganisha na Kansas, The Best of Kansas ya 1984, walibandika wimbo mmoja mpya, Perfect Lover, ili ambaye albamu zote anazo naye alazimike kununua. Toleo la 1999 wakaufyeka wenyewe. Nyongeza ambayo bendi ikirudia kutoa albamu inaitupa, hukumu imeshajitoa.

Sauti sitakaa sana. Matoleo mengi ya karibuni yamesafishwa upya na wengine wakisafisha wanapandisha kila kitu juu, penye mnong'ono pakawa sawa na penye radi, na progu bila tofauti ya mnong'ono na radi imekwisha. Jaribio: weka sabufa sauti ya kawaida, kaa chumba cha pili. Ukiwa chumba cha pili unasikia kabisa pale wimbo unaposhuka na pale unapopanda, safisha imefanyika kiungwana. Ukisikia mvumo mmoja tu kama mashine ya kusaga, basi.

Baada ya hayo yote ndo unasikiliza kama binadamu. Mimi yangu naifanyia kwenye baiskeli, kutoka Ngamiani mpaka Raskazone kwa mwendo wa kizembe ni kama upande mmoja wa santuri, sikio moja tu ndo lina spika, lingine la bodaboda. Nikifika baharini najiuliza, nataka kusikia nini saivi? Kama nataka kuitafuta albamu ambayo wimbo fulani umetoka, mkusanyiko umefanya kazi yake. Kama nimetosheka, hm, hapo kuna mawili, aidha bendi yenyewe ilikuwa na nyimbo sita nzuri tu, au wamenilisha utamu mtupu mpaka nimekinai. Queen wa Freddie Mercury, mtoto wa Unguja kwa kuzaliwa, mkusanyiko wao wa 1981 ndo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, na kwa kweli ni tamu mwanzo mwisho, lakini ile Queen ya nyimbo ndefu za miaka ya 70 yenye damu ya progu, zaidi ya Bohemian Rhapsody hutaiona mle. Wengi wamekinai hapo hapo hawakwenda mbele.

Jambo la mwisho, na hili nililijua kwa mjomba tena. Baada ya kuusikia wimbo mzima nilimpelekea simu. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, nikamwambia leo sikiliza mpaka mwisho. Kaushikilia ule waya wa sikioni kwa kidole, kainamisha kichwa, kafika pale pa kinanda nikaona anasubiri ile tak, haikuja, akafumbua jicho moja akaniangalia. Ulipoisha kanirudishia simu. "Mzuri mjomba," akasema, "ila mi wangu unaishia pale." Na hakuwa anatania. Kwa hiyo kabla hujatoa alama sema wazi wewe uliusikia upi kwanza, manake sikio linalinda cha kwanza hata kama kilikuwa kibovu, na mtu aliyeanza na Roundabout ya dakika tatu ile ndefu ataiona ina maneno mengi.

Alama zangu mimi nusu nzima naweka kwenye mkasi, robo kwenye ahadi ya jalada na miaka, inayobaki wagawane mpangilio, nyongeza na sauti. Kwa hesabu hiyo Platinum Collection ya Genesis iko juu, Chronicles inapoteza kwa gitaa ambalo halikuokotwa ila bado ni mlango mzuri wa kuwajua Rush, Echoes naibadilishia alama kila mwaka. Turn It On Again mpe shangazi yako anayempenda Phil Collins, ataifurahia na hatakuuliza kitu. Anayeanza kabisa asinunue chochote kwanza, atafute bando la usiku, aweke Supper's Ready kutoka Foxtrot yenyewe, na asiguse simu mpaka dakika ya 23.